Ngozi ya Kasiva

Mwanzoni vifurushi vilikuja mara moja kwa wiki. Mvua za Machi zilipoanza, Kasiva Mwanzia alikuwa akipigiwa simu karibu kila asubuhi kutoka ofisi ya mizigo iliyo jirani na stendi ya Machakos.

"Madam, uko na kifurushi tena," kijana wa mizigo alimwambia siku moja. "Hii ingine inavuja. Lakini inanukia poa, siwezi danganya."

Kasiva aliandika ukurasa wa urembo katika gazeti moja la Kiswahili linalotoka Jumamosi. Aliishi Katoloni, kwenye ploti ya nyumba za kupanga, katika nyumba ya vyumba viwili, na kimoja alikuwa ameyaachia makopo. Yalijaa rafuni, yakashuka sakafuni, yakapanda dirishani hadi mwanga wa chumba ukabadilika rangi kwa kupita kwenye chupa. Krimu za mchana na krimu za usiku, seramu, maji ya kusafishia uso, maski za udongo, maski za mkaa, mafuta ya mbegu ambazo hakuwahi kuziona zikiota popote Ukambani. Kila boksi liliandikwa "Mpya". Mengine yaliandikwa "Mpya zaidi", nayo yalifika kabla hajafungua yaliyoyatangulia.

Alikuwa na kanuni moja: hakuandika juu ya kitu asichojipaka. Wasomaji wake walikuwa walimu, wauguzi, wauza nguo sokoni, watu wa kununua kopo moja na kukaa nalo hadi liishe hata likiwaharibu. Kwa hiyo alijaribu kila bidhaa kwa wiki nzima, moja baada ya nyingine, kisha akasema ukweli.

Bidhaa zilipozidi wiki zilizopo, aliugawa uso. Wazo hilo alilitoa Kathiani, kwa nyanya yake, ambako mlima umekatwa matuta ya fanya juu, yale ya kushika udongo mteremkoni, na kila tuta lina zao lake: hapa mahindi, hapa maharagwe, kule chini miparachichi. Kasiva aliweka bidhaa moja kwenye kipaji cha uso, nyingine shavu la kushoto, nyingine la kulia, nyingine kidevuni. Mikono nayo akaigawa vivyo hivyo. Chini ya taya aliacha kipande kitupu, kisichopakwa chochote, ili awe na mahali pa kulinganishia. Halafu ikaja krimu iliyotengenezwa mahususi kwa chini ya taya.

Alimpigia simu mhariri wake, Bi Nuha, mama wa Kimombasa aliyehamia Nairobi zamani bila kupoteza lafudhi wala subira yake.

"Bi Nuha, nimelemewa. Naomba tuandike bidhaa moja tu kwa wiki."

"Moja? Mwanangu, wenzetu wanatoa kumi. Nimekwambia ujipake zote? Soma boksi, andika."

"Wasomaji wananiamini."

"Wanaliamini jina lako, Kasiva. Ngozi yako hawajapata kuiona."

Kasiva alicheka kwa adabu, akakata simu, akaugawa mgongo wa mkono wake wa kushoto mara mbili zaidi.

Dalili ya kwanza ilikuwa simu yenyewe. Ilikataa kidole chake. Alijaribu gumba, shahada, kidole cha mkono wa pili, na kila mara simu ikamjibu kwamba haimtambui. Aliviinua vidole dirishani. Ncha zake zilikuwa laini na zenye kung'aa, mistari imefutika kama njia ya miguu baada ya mafuriko. Hilo lilielezeka. Zile seramu za kuchubua ngozi nzee zilikuwa na asidi, na alikuwa akizipaka kwa vidole. Alibadilisha simu ikawa ya kufunguliwa kwa namba.

Mbwa wa ploti hakuelezeka. Alikuwa mbwa mzee aliyemzoea, wa kumfuata hadi mlangoni akingoja ngozi ya kuku. Asubuhi moja Kasiva alipotoka kuanika nguo, mbwa alisimama, manyoya ya shingo yakamsimama, akaanza kurudi nyuma bila kubweka. Musyoka, mlinzi wa ploti, alitoka na kikombe chake cha chai.

"Wewe, shika adabu! Huyu si ni madam?" alimkemea mbwa. Kisha akamtazama Kasiva, akatazama tena. "Ni wewe, sindio?"

"Ni mimi, Musyoka. Kwani ni nani?"

"Hapana, ni vile tu nimeona kama mtu wenu. Dadako hivi."

Kasiva hakuwa na dada. Alirudi ndani, akakaa mbele ya kioo. Hakukuwa na kidonda, wala upele, wala weusi. Kila kipande peke yake kilikuwa kizuri. Kipaji kilikuwa cha mtoto, hakina hata mkunjo mmoja. Shavu la kushoto lilikuwa la mwanamke aliyeketi kivulini maisha yake yote. La kulia lilikuwa na mng'ao wa mtu mnene, naye si mnene. Kidevu kilikuwa cha mtu aliyemjua zamani na kumsahau. Vipande hivyo vilikuwa vimekaribiana bila kusalimiana. Alipotabasamu, vilichelewana.

Angeacha siku hiyohiyo, labda, kama isingekuwa ukurasa wa Jumamosi.

Mwezi huo Mutunga alikuwa analeta mbuzi wa ntheo, wale mbuzi ambao kwetu husema wazi kwamba kijana amemchagua binti. Mutunga alikuwa fundi wa pampu za maji kule Masinga, kando ya bwawa, na kazi zilikuwa zimemzuia kuja Machakos kwa muda mrefu. Walizungumza kwa simu. Walipendana kwa namna isiyo na kelele, ya watu waliokwisha kuamua.

"Jitayarishe kushindwa," Kasiva alimwambia. "Mashangazi wamenunua leso nzito."

Alikuwa akizungumzia mchezo ambao siku hizi hauachwi katika sherehe hizo: wasichana wa ukoo hufunikwa leso kuanzia utosini hadi miguuni, wakaketishwa mkekani wakiwa wameinama, na bwana harusi mtarajiwa hushika mkono wa kila mmoja na kumtoa aliye wake. Akikosea hutozwa faini huku watu wakivunjika mbavu. Msichana haruhusiwi kusema, kukohoa wala kutoa ishara.

"Hata mnifunge macho," Mutunga alijibu. "Mimi nakujua kwa mkono. Nakujua kwa harufu."

Asubuhi ya sherehe Kasiva aliingia chumba cha makopo ili anukie vile Mutunga alivyomjua. Alijua kwamba kulikuwa na losheni fulani, ya zamani, ya kabla ya ukurasa. Alifungua ya kwanza: waridi. Ya pili: nazi. Ya tatu ilinukia mvua, ya nne shuka jipya. Alifungua makopo hadi vifuniko vikachanganyika na hakujua tena kipi ni cha lipi, hewa ikawa nzito kama supu, na pua yake ikaacha kupokea chochote. Alimpigia binamu yake Mutheu, aliyekwisha kufika Kathiani kuchinja kuku.

"Mutheu, zamani nilikuwa nanukia nini?"

"Ati nini? Wewe bibi harusi umeanza kuchanganyikiwa mapema hivi?"

"Nijibu tu. Nilikuwa nanukia nini?"

"Si ulikuwa unanukia Kasiva. Njoo bwana, mashangazi wanauliza."

Alioga kwa maji matupu, akaenda.

Kwa Susu Kavindu, nyanya yake, uwanja ulikuwa umefagiliwa hadi ukabaki na mistari. Mbuzi walifungwa karibu na tangi la maji. Shangazi Syombua, aliyekuwa msimamizi wa mchezo, aliwafunika wasichana, akawakalisha, akamwita Mutunga kwa sauti ya mnadani.

"Njoo fundi! Hapa hakuna pampu, hapa kuna watu. Tuone kama spana yako inafanya kazi!"

Watu walicheka. Chini ya leso Kasiva aliona wekundu tu wa kitambaa na ncha za viatu vya Mutunga vikikaribia. Mkono wake ulishikwa. Aliujua mkono uliomshika: kiganja kigumu, kovu la mkanda wa mashine chini ya kidole cha mwisho. Alingoja kubanwa kidogo, kama alivyozoea.

Mutunga aliugeuza mkono wa Kasiva, akapitisha gumba juu ya kifundo, akainama akaunusa. Kisha akaurudisha magotini pake taratibu, kama mtu anayerudisha kikombe kwenye rafu ya duka, akaenda kwa wa pembeni.

Alimtoa Mutheu, ambaye hakujipaka kitu maishani mwake zaidi ya mafuta ya mgando ya kopo.

Uwanja ulilipuka. "Faini! Faini!" mashangazi waliimba. "Huyu anataka wawili kwa bei ya mmoja!" Mutunga alicheka pia, akajikuna kichwa, akaomba kurudia. Waliwabadilisha nafasi. Safari hii aliushika mkono wa Kasiva kwa muda mrefu zaidi, naye akahisi vidole vya Mutunga vikikakamaa. Akampita tena.

Kasiva alivunja sheria. Duru ya mwisho, Mutunga alipomshika, alimbana gumba kwa nguvu, ishara yao tangu siku za mwanzo ambayo hakuna mwingine aliyeijua.

Mutunga aliutupa ule mkono kama aliyeshika waya wa umeme.

"Huyu ni nani?" aliuliza. Hakuwa anatania. "Shangazi, huyu mmemtoa wapi?"

Kicheko kilikatika vipandevipande, kikaisha. Mbuzi mmoja alilia. Kutoka kwenye kiti chake kando ya ukuta, Susu Kavindu, ambaye macho yake yalikuwa yamefunikwa na utando wa uzee na ambaye alikuwa amesalimiwa na kila msichana kwa mkono asubuhi ile, alisema kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Hata mimi nilitaka kuuliza. Alinisalimia vizuri, lakini sikutaka kumwaibisha mgeni."

Kasiva aliivua leso mwenyewe.

"Ni mimi," alisema.

Shangazi Syombua alikuwa wa kwanza kucheka, kwa nguvu kupita kiasi, na wengine wakamfuata. Wali na nyama ya mbuzi vikapakuliwa. Maneno ya wazee yakasemwa, mbuzi wakapokewa. Mutunga aliketi kando ya Kasiva, akamjazia soda, akajibu kila aliyemsemesha. Kila mara alipogeuka kumtazama, alimtazama kwa heshima.

Jioni jua likiwa bado lipo, walisimama nyuma ya tangi la maji.

"Sema kitu," Mutunga aliomba, akafumba macho.

"Niseme nini? Umechoka na safari, Mutunga. Ni mafuta tu. Ni kazi."

"Ndiyo hiyo. Sauti ni yako. Ukiongea, ni wewe." Alifumbua macho. "Ukinyamaza, kuna mtu amesimama hapo."

"Mtu gani?"

"Simjui. Ndiyo shida." Alifuta uso kwa kiganja. "Mbuzi wamekuja, sirudishi. Lakini siwezi kuingia nyumba moja na mtu nisiyemjua, Kasiva. Nitangoja. Wewe nenda ukamlete mwenyewe."

Kasiva hakurudi Katoloni. Alikaa Kathiani, akanawa kwa maji ya tangi bila sabuni, akalima na Susu asubuhi na kukaa juani mchana. Simu ya ofisi ya mizigo aliacha kuipokea. Ya Bi Nuha aliipokea, akamweleza kwamba hataandika kwa muda, kwa kuwa hana ngozi ya kujaribia.

"Pumzika, mwanangu," Bi Nuha alisema kwa upole. "Usijali ukurasa."

Jumamosi iliyofuata Mutheu alileta gazeti kutoka mjini. Ukurasa ulikuwepo. Jina lilikuwa lake, picha ilikuwa yake, na makala ilisifu krimu ya chini ya taya. "Ngozi yangu imeipokea kama mgeni aliyekuwa akingojewa," ilisema. Kasiva aliisoma mara mbili akitafuta sentensi ambayo yeye asingeiandika. Hakuipata.

"Hii umeandika vizuri," Mutheu alisema. "Nimependa hapo kwa mgeni."

Mutunga alikuja Jumapili, baada ya ibada. Hakuleta maneno mengi. Walikaa kwenye benchi mbele ya jiko, akafumba macho, akaushika mkono wake, naye Kasiva akanyamaza kama walivyokubaliana. Baada ya muda aliurudisha, akatikisa kichwa, akanywa chai, akaenda zake Masinga. Jumapili iliyofuata ilikuwa vivyo hivyo. Iliyofuata hiyo alikaa kidogo tu, akaondoka bila kuimaliza chai, na Susu Kavindu akauliza kutoka ndani kama wageni wote wawili wamekwenda.

Ngozi ilianza kumenyuka, ikawasha, ikaota vipele mabegani. Kipaji kilirudisha mkunjo mmoja, kisha kikasita kurudisha wa pili. Kasiva alijikwaruza kwa magunzi ya mahindi hadi Susu alipomnyang'anya.

Mutunga hakuwa ameahidi kuendelea kuja, na Kasiva hakuthubutu kumwuliza. Alipomwona tena akipanda njia ya matuta, alikaa kwenye benchi kabla hajaitwa, akanyoosha mkono.

Mutunga alifumba macho. Gumba lake lilipita juu ya vidole, likapita mgongo wa mkono, halikusimama popote. Lilipofika upande wa ndani wa kifundo, mahali padogo pasipotosha hata punje ya hindi, lilisimama. Likarudi. Likasimama tena palepale.

"Hapa," Mutunga alisema, macho bado yamefumbwa. "Hapa kuna wewe. Kidogo."

Kasiva aliogopa kuusogeza mkono.