Laini Yetu Nyuma ya Burma

Nilikuwa nimeenda soko la Burma hapa Nairobi kununua nyama ya Jumapili, basi. Muuzaji alinifungia, nikatoka, na badala ya kurudi barabarani miguu yangu ikashika njia ya nyuma ya soko, ile niliyokuwa nikiifuata nikitoka shule. Nilipofika pale palipokuwa kwetu nikakuta mabati marefu ya bluu yamezungushwa pande zote. Mlinzi kijana alikuwa amekalia ndoo iliyopinduliwa.

"Unatafuta nani, mathe?" akaniuliza.

Nikamwambia nilizaliwa humo ndani. Alinitazama, akainuka, akavuta bati moja kando ili nichungulie. Hakukuwa na kitu cha kuona. Udongo mweusi ulikuwa umechimbuliwa, maji ya mvua yamesimama mashimoni, na trekta moja limelala upande wa pili. "Wanajenga ghorofa," akasema, kama anayeniliwaza. Nikamshukuru, nikaenda zangu na nyama yangu mkononi.

Wewe uliyekulia Eastlands huhitaji kuelezwa laini ni nini. Kwa wengine, ni safu ya nyumba zilizoshikana, paa moja ndefu, milango mingi, na mbele yake uwanja mwembamba wa kuanikia nguo. Sisi, yaani wazazi, mimi na mdogo wangu, tulikuwa na chumba na jiko. Mfereji ulikuwa mmoja kwa laini nzima, na akina mama walipanga mitungi yao pale tangu alfajiri, mtungi ukimshikia mwenyewe nafasi huku yeye akipika uji. Hakuna aliyegusa mtungi wa mwenzake. King'ora cha viwanda vya Industrial Area kilipolia asubuhi, milango ilifunguka karibu yote kwa pamoja, na wanaume na wanawake wakatoka kwa miguu kuelekea kazini, wakisalimiana bila kusimama. Mama yangu alikuwa mmoja wao. Alishona makola ya mashati katika kiwanda cha nguo, na jioni alirudi na nyuzi za rangi zimemganda kwenye sweta. Baba alikuwa fundi wa reli. Alikuwa akitumwa huko Voi na Mtito kutengeneza njia, na tulimwona mwisho wa mwezi.

Watu wakiniuliza leo nilichokipenda katika jiji hili, huwa nawatajia hali ya hewa. Ni jibu rahisi. Nawezaje kumweleza mtu harufu ya moshi wa nyama kutoka Burma ikichanganyika na omena wa mama mmoja na mrenda wa mama mwingine, hata ukipita mlango hadi mlango unajua nani anakula nini? Jumapili kanisa la ngoma lilipita, waumini wa mavazi meupe wakiimba kwa mwendo wa haraka, nasi watoto nyuma yao hadi kwenye reli, ambapo tulikatazwa kuvuka. Jioni tulicheza kati, ule mchezo wa kukwepa mpira, na kuruka blada, kamba yetu ya mpira, mpaka giza litufiche. Tulizungumza Sheng yetu huko nje, na tulipoingia ndani tukaiacha mlangoni, kwa sababu mama hakuitaka. "Hapa ndani mimi si mathe yako," alikuwa akisema. "Mimi ni mama yako." Lakini wakati mwingine aliteleza yeye mwenyewe, akamwita jirani "mse", kama vijana wa mtaani wanavyoitana, nasi tukaanguka kwa kicheko.

Jirani huyo ndiye ninayetaka kukusimulia habari zake.

Aliishi mlango wa pili kutoka kwetu, upande wa kushoto. Alikuwa mama wa Kakamega, mpana, mwenye sauti nzito. Sisi tulikuwa watu wa upande wa ziwa. Watoto wake walikuwa wakubwa, wawili tayari wako sekondari za bweni, na mumewe alikuwa karani wa kaunsili, mtu mkimya aliyependa redio. Ukuta uliotutenganisha ulikuwa mwembamba hivi kwamba mama akipiga chafya, jirani alimwombea baraka kutoka kwake, na mama akamjibu asante, bila yeyote kuacha kazi yake.

Mwaka mmoja, nikiwa bado shule ya msingi, mama alianza kukohoa. Mwanzoni alisema ni vumbi la pamba. Kisha akaanza kupungua, sketi zikamzunguka kiunoni, akawa anapumzika njiani kutoka mferejini. Siku moja hakuamka kwenda kazini. Jirani aliingia, akamtazama, akamgusa shingo, akaniambia nimvalishe mdogo wangu viatu. Kabla ya saa sita mama alikuwa amelazwa, nasi wawili tulikuwa tumekaa kwenye kitanda cha jirani tukila viazi vitamu. Daktari alikuwa amesema ni mapafu, na kwamba hatatoka karibuni.

Habari zilifika nyumbani kwa kina baba. Baba mwenyewe alikuwa bado kwenye njia ya pwani. Baada ya siku chache, baba mkubwa alishuka kutoka kwenye basi la usiku, akaja na kofia yake na begi lake, na neno lake lilikuwa fupi: amekuja kutuchukua. Tungeenda kukaa kwa nyanya, tusomee huko.

Nilikuwa nimesimama nyuma ya pazia lililogawa chumba cha jirani. Nilimpenda nyanya yangu. Lakini nilijua ziwa liko mbali na ile hospitali, na nilijua, jinsi watoto wanavyojua mambo bila kuambiwa, kwamba watoto wakipelekwa mashambani mama akiwa mgonjwa, mara nyingi hurudishwa tu kuja kuzika. Ilikuwa imempata msichana wa darasa letu.

"Shemeji, kaa kwanza unywe chai," jirani alimwambia.

Akakaa. Akanywa. Kisha akasema, "Mama, nashukuru kwa mliyoyafanya. Lakini hawa ni watoto wa ndugu yangu. Huwezi kulea watoto wa watu katika chumba hiki."

"Na mama yao akiuliza watoto wake wako wapi?"

"Ataambiwa wako kwao."

"Kwao ni wapi?" jirani akauliza, kwa upole. "Huyu msichana amezaliwa hapa. Mimi ndiye niliyemwogesha maji ya kwanza. Yule mwanamke yuko kitandani, anashikilia kitu kimoja tu, kwamba watoto wako karibu. Ukimwondolea hicho, shemeji, utakuwa umemwachia nini?"

Baba mkubwa aliweka kikombe chini. Alikuwa mtu mwenye kujiheshimu, na nadhani hakuzoea kujibizana na mke wa mtu. Akasema angefikiria mpaka asubuhi. Basi jirani akatoka nje, na nikamsikia akipita mlango hadi mlango, sauti yake ikipanda na kushuka. Wakati wa chakula cha jioni walianza kuingia. Mama mmoja wa laini, muuza mandazi, alileta ugali uliofunikwa sahani. Mama wa mlango wa mwisho alileta kuku, kuku mzima, siku isiyokuwa ya sikukuu. Mwalimu mstaafu aliyeishi karibu na mfereji alikuja mikono mitupu, akaketi karibu na baba mkubwa, akamwambia kwamba mimi na mdogo wangu tutakuwa tukifanya kazi za shule mezani kwake kila jioni, naye ataangalia. Hawakumbishia mgeni. Walikula naye, wakamuuliza mvua kule kwao na mahindi yamefikia wapi, wakaagana, wakaenda zao.

Asubuhi baba mkubwa aliniita. Aliniuliza kama nataka kwenda kwa nyanya. Nikageuka, nikautazama mlango wetu. Akanitazama kwa muda, akavaa kofia yake. "Basi msumbueni huyu mama kwa adabu," akasema. Akapanda basi peke yake.

Tulikaa na jirani majira yote ya mvua. Nilijifunza kusonga ugali wa watu wengi, mwiko mkubwa, mguu mmoja ukizuia sufuria isiteleze. Nilijifunza kupanga mtungi. Mdogo wangu alianza kusema maneno ya Kiluhya usingizini. Mumewe jirani, ambaye sikuwa nimewahi kumsikia akiongea zaidi ya salamu, alikuwa akinipunguzia redio nikifungua kitabu.

Watoto hawakuruhusiwa wodini. Kwa hiyo Jumapili, baada ya kanisa, jirani alitupeleka hadi kwenye nyasi zilizokuwa chini ya madirisha ya hospitali, tukasimama pamoja na familia nyingine zilizokuja kwa shida hiyo hiyo. Yeye akapanda juu na chakula, na baada ya muda mama akatokea dirishani, ghorofa ya juu, kitambaa kichwani, mdogo kama mtoto. Akapunga mkono.

Mara ya kwanza uso wangu ulianza kukunjamana. Jirani alikuwa ametuonya mapema, kabla ya kupanda: "Akitokea, mcheke. Mumwonyeshe meno. Mtalia tukishatoka." Kwa hiyo nikacheka. Mdogo wangu akarukaruka, akamwonyesha mama pengo la jino lililong'oka. Tulicheka mpaka akaondoka dirishani. Jirani akashuka, akatushika mikono, tukatoka getini, tukavuka barabara, na alipoona ukuta mfupi wenye kivuli akaketi, akatuweka mmoja huku na mmoja huku.

"Sasa lieni," akasema.

Tukalia. Watu walipita wakitutazama. Yeye hakutunyamazisha wala hakututania. Alifungua pochi yake, akatoa leso, akangoja, na tulipomaliza akatufuta nyuso, tukaenda nyumbani. Ilikuwa hivyo kila Jumapili.

Mama alipona. Sikufichi, nimesikia habari nyingi za namna hii ambazo haziishi hivyo, lakini yetu iliisha hivyo. Baba alikuja likizo, akaenda kumchukua, wakaingia kwenye laini polepole, mama amemshika mkono. Hakuna aliyepiga kelele. Akina mama walisimama milangoni mwao wakiwa na mikono yenye unga au sabuni, na alipopita kila mlango mwenyewe alisema "Karibu nyumbani", mmoja baada ya mwingine, mpaka akafika kwetu. Ndani kulikuwa kumefagiliwa, jiko limewashwa. Jirani alikuwa nyuma ya nyumba akifua nguo zetu za shule, na alikataa kutoka huko mpaka afue ya mwisho. Mama alimfuata. Niliwaona kupitia dirisha la jikoni, wamekaa juu ya jiwe la kufulia, bega kwa bega.

Miaka ikapita jinsi inavyopita. Mumewe jirani alistaafu, na kama wengi wa rika lake alikuwa amejenga kwao. Walipakia kabati, vitanda na redio kwenye lori. Mama alisimama mlangoni siku hiyo, akasimama hata baada ya lori kupinda kona. Wapangaji wapya walikuwa watu wema, lakini walifungulia televisheni sauti ya juu, na mtu akipiga chafya hawakusikia. Baadaye mwalimu alifariki. Muuza mandazi alihamia kwa mwanawe. Wazazi wangu nao wakarudi upande wa ziwa, na huko ndiko walikozikwa, mama akiwa mzee mwenye mvi. Mdogo wangu yuko Ughaibuni. Mimi nilipata kazi ya ofisi mjini, nikaolewa, nikaachika, nikalea mwanangu mpaka naye akajitegemea. Sasa nakaa Kayole, karibu na Spine Road, katika ghorofa ndefu yenye milango ya chuma. Kelele zipo tele. Nasikia vijiko, vilio vya watoto, magomvi, maombi. Nalala nikisikia watu na naamka nikisikia watu, na wiki inaweza kwisha sijatamka neno ndani ya nyumba yangu.

Labda ni sisi tuliobadilika. Labda mfereji ndio uliotulazimisha, na kila mtu alipopata wake, hatukuwa tena na sababu ya kutoka nje. Sijui. Najua tu kwamba baada ya kuona mabati yale nilikaa na nyama yangu isiyopikwa mpaka ikabidi niiweke kwenye friji, kisha nikaomba ruhusa kazini, nikasafiri kwenda Kakamega.

Jirani yu hai. Ni mzee sana, macho yamefifia, lakini sauti ni ile ile. Mumewe alimtangulia. Watoto wake wako mbali, wanampigia simu, wamemwekea msichana wa kumsaidia na stima na tangi la maji. Nilimpigia magoti kumsalimu, akanipapasa uso mzima kabla ya kutaja jina langu. Tulikunywa chai. Nikamweleza habari za laini kubomolewa, akasema, "Na mimi huku nina nafasi, mwanangu. Nina nafasi mpaka nachoka nayo." Akaniambia anachokikosa cha Nairobi ni kusikia mtu mwingine akikuna sufuria.

Kisha akaniuliza, "Na huko Kayole, jirani yako ni nani?"

Nikamwambia ni mama mmoja kijana, ana mtoto mdogo.

"Mama nani?"

Nilifikiri. Nilijua viatu vyake vyekundu anavyoviacha mlangoni. Nilijua mtoto wake hukohoa asubuhi, na kwamba wakati mwingine mama huyo huimba akipiga pasi. Jina sikulijua, wala la mtoto.

Hakunilaumu. Aliuchukua mkono wangu, akauweka juu ya goti lake, akauacha hapo. Tukakaa hivyo mpaka chai ikapoa, tukiuangalia ua wake mpana, uliofagiliwa vizuri, usio na alama za miguu ila zangu.