Kisiki Nilichokinyamazia

Nilimaliza kidato cha nne nikarudi kijijini kwetu Mofu kungojea barua ya kazi. Mwaka ukapita, wa pili ukaingia, nami bado nalala katika chumba kilekile nilichokulia na kulima mpunga wa baba kwa jembe la mkono. Nyumbani kwetu mwenye cheti hakatiwi shamba. "Wewe utakwenda kazini," baba alisema kila nilipoomba. "Shamba la nini?"

Jirani yetu alikuwa Msukuma aliyehamia bondeni kwetu na ng'ombe wake. Mtoto wake wa kwanza, rika langu, hakuvuka darasa la nne. Lakini mwaka ule baba yake alimkatia ekari zake, akampa maksai wawili na plau, akamwambia ajitegemee. Akajenga. Akaoa. Watu wazima wakawa wanamwomba ushauri wa kulima, mimi wananiuliza, "Barua bado?" Roho iliniuma, sifichi. Nilimwonea wivu hata alipokuwa anafunga mlango wa kibanda chake.

Mvua zilipoanza, baba yangu alimwomba kijana huyo aje atulimie kipande kipya. Nikatumwa nimwonyeshe visiki vilivyofunikwa na maji, kwa kuwa ile miti niliikata mimi. Nilimwonyesha vyote, isipokuwa kimoja. Nikasimama kwenye tuta nikiwatazama maksai wakikiendea, na mdomo wangu ukawa mzito. Plau ikapinda.

"Ulisahau?" baba aliuliza.

"Nilisahau."

Yule kijana aliwafungua maksai. Akanitazama, nikajua kwamba amejua. Plau akaenda kuinyoosha mjini Ifakara. Siku ya tatu alirudi, akamwamkia baba shikamoo, kisha akanikabidhi kamba ya maksai.

"Nina mashamba ya watu mpaka mwezi ujao, natafuta wa kuongoza ng'ombe. Tangulia wewe, kaka. Kisiki utakigusa kwanza kwa mguu wako."

Nilitaka kukataa, lakini baba alikuwa ameshakubali kwa niaba yangu. Nikatangulia, maji magotini, napapasa matope kwa vidole vya miguu, na mwenye kazi yuko nyuma yangu anapiga mluzi. Njiani baba alisimama na wapita njia. Sauti yake ilinifikia vizuri, imejaa furaha kabisa:

"Kijana wangu naye amepata kazi."