Alhamisi Iliyobandikwa Ukutani

Uji wa muhogo ukipoa hunuka kama soksi zilizosahauliwa kwenye mvua, na ukiupaka mgongoni mwa gazeti, wino nao huamka, harufu mbili zikashikana hadi pua isijue kama iko jikoni au darasani. Hiyo ndiyo harufu ya nyumba yetu ya Pap Onditi. Kuta zilikuwa za udongo, na udongo una tabia mbaya ya kudondoka kwenye chai ya mgeni, kwa hiyo kila nyumba iliyojiheshimu ilivishwa magazeti. Kuta za majirani zilikuwa na habari za miaka na miezi iliyochanganyikana. Zetu zilikuwa na siku moja tu, Alhamisi. Lori la magazeti lilikuwa limeharibika njiani, likafika Kisumu kesho yake, na nani atanunua habari za jana? Muuzaji mmoja, rafiki ya Baba, akampa furushi zima. Baba akalisukuma chini ya kitanda, likakaa huko karibu mwaka mzima likingoja sababu. Sababu ikaja: watu wa Nyamasaria walituma neno kwamba wanakuja kwa ajili ya dada yangu Akinyi.

Ilikuwa ziara ya ayie, yaani siku ambayo upande wa bwana harusi hufika, na mama wa binti, akiridhika nao, husema amekubali. Akinyi alimpenda yule kijana kiasi cha kuimba akiosha masufuria, jambo ambalo halijatokea tena katika ukoo wetu. Mama alisugua kila kitu, hata mbuzi. Mimi, mwenye miaka kumi, nikapewa ukuta. Nilikuwa msomaji mkuu wa nyumba. Mama alisoma Biblia ya Dholuo tu, na Kiswahili cha magazeti alikiachia watu wenye muda. Akanipa sufuria ya uji na amri moja: "Nyuma ya viti vya wageni, weka wale watu nadhifu wenye tai. Hao wanaorushiana mawe peleka jikoni."

Kosa langu ni kwamba sikuweza kutulia. Mpaka leo siwezi. Mwili wangu hautoki nyumbani, lakini akili haijawahi kukaa kwenye kiti. Nilikuwa napaka uji kwa mkono mmoja na kusoma kwa macho yote mawili. MKUTANO WA KUJADILI UKAME WAVUNJWA NA MVUA. MGANGA AONAYE YAJAYO AIBIWA BAISKELI. BARABARA KUKAMILIKA KABLA YA KRISMASI. WAZIRI: HALI NI SHWARI, na chini yake picha ya waziri akikimbia. Halafu ile iliyoninyima raha: KIBOKO AFIKA HARUSINI BILA MWALIKO, ikiendelea ukurasa wa tisa. Nikautafuta ukurasa wa tisa huku wageni wakiwa wameshavuka mto. Nikanyakua ukurasa wowote wenye watu wa tai, nikaupaka, nikaubandika nyuma ya kiti kikubwa. Ndipo nikaona neno MAZISHI. Wale watu nadhifu wote walikuwa marehemu. Uji ulikuwa umeshika, kiboko alikuwa anangoja, nami nikajiambia nani atasoma maandishi madogo namna ile. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Hawakusema lolote kuhusu anayeziba ufa kwa maiti.

Wageni wakaingia. Kiongozi wao alikuwa Mzee Ong'ayo, baba wa bwana harusi, mtu mrefu aliyelazimika kuinama mlangoni kama anayesalimia nyumba. Alifika kwenye kiti kikubwa, akageuka ili akae, akasimama hapo hapo. Akavua kofia.

"Mama Akinyi," akasema, "huyu mtu mmemtoa wapi?"

Mama, aliyedhani anasifiwa, akafurahi. "Ah, Mzee, huyo ni mtu mkubwa tu wa Nairobi. Nikasema leo akae na nyinyi."

"Huyu ni Odera. Ni ndugu yangu. Tulimzika."

Shangazi mmoja wa upande wao akakusanya leso yake. "Tumekuja kuoa, tunakaribishwa na marehemu! Huu ni mkosi. Twendeni." Nyuma ya pazia la chumba cha ndani niliziona nyayo za Akinyi, vidole vimekunjwa kana kwamba vinashikilia sakafu isiondoke. Mama hakuuliza ni nani aliyembandika. Alinitazama tu.

"Ni mimi," nikasema. "Niliona ni mazishi. Nilikuwa na haraka."

"Haraka ya kwenda wapi?" akauliza shangazi.

Sikuwa na ujasiri wa kumtaja kiboko.

Mzee Ong'ayo hakukasirika. Alikuwa amesogeza uso karibu na ukuta mpaka pua ikagusa uji. "Unajua kusoma?"

"Ndiyo, Mzee."

"Basi nisomee. Tangazo hili tulililipia. Siku ile nilizunguka Kisumu yote kulitafuta, wakasema gazeti halijafika. Waliofanya kazi naye hawakusikia, hawakuja kumzika. Sijawahi kuliona."

Nikapanda kigoda, nikasoma kwa sauti: jina la marehemu, mjane wake, watoto wake. Nyumba nzima ikasimama, hata shangazi na leso yake. Nikafika kwenye ndugu: "Ndugu wa Nyangweso, Ong'ayo..."

"Rudia hapo."

"Ndugu wa Nyangweso, Ong'ayo..."

"Nyangweso mbele yangu?" Mzee akageukia watu wake. "Binamu! Mtu ambaye hata jembe la kuchimbia kaburi alikuja kuliazima kwangu! Nani aliandika hii?"

Shangazi akatazama paa. "Mimi nilitoa majina tu. Sikuyapanga."

"Ulikula kuku wa Nyangweso wiki ile!"

"Mmoja tu!"

Mama ndiye aliyeanza kucheka, akijiziba mdomo kwa upande wa kanga, halafu Baba, halafu Mzee mwenyewe, machozi yakimtoka, na si ya kicheko pekee. Akaomba apewe ule ukurasa. Tukaulowesha kwa maji ya uvuguvugu, ukabanduka pamoja na kipande cha ukuta, naye akaupokea hivyo hivyo na udongo wake. Kisha Mama akasema amekubali, na nyuma ya pazia zile nyayo zikarukaruka. Tundu nililiziba kwa kiboko. Ukurasa wa tisa ulieleza kwamba alikunywa maji ya wageni, akarudi ziwani. Hayo tu.

Baada ya hapo tuliishi katika Alhamisi ile kwa miaka minne. Sasa nimepanga chumba mtaa wa Migosi, mjini, kuta ni laini, na habari ziko kwenye simu. Naamka nazisoma kabla ya kunawa uso. Kidole kinasukuma, vichwa vinakimbia, na hata sijamaliza kushtushwa na cha kwanza, cha kumi kimeshafika. Wiki iliyopita nilisoma kwamba barabara itakamilika kabla ya Krismasi. Nilicheka peke yangu kama kichaa, kisha nikatafuta nani nimsimulie, na habari ikawa imeshapita.

Mzee Ong'ayo alifariki mwaka huu. Tangazo lake lilitumwa kwenye kundi la familia, na kabla ya chakula cha mchana lilikuwa limezikwa chini ya vichekesho na salamu za asubuhi. Akinyi akanipigia simu: "Wewe na magazeti yako, andika la gazetini." Nikaandika. Siku lilipotoka nilitoka nyumbani alfajiri, jambo la ajabu kwangu, nikanunua nakala mbili. Moja nilimpelekea Akinyi. Nyingine nimeibandika ukutani kwa uji wa muhogo, na mwenye nyumba akija kuuliza harufu hii ni ya nini, nitamwambia asome. Nyangweso yumo, chini, pamoja na binamu wengine. Safari hii jina la kwanza ni la Ong'ayo.