Mashine ya Ta Rwegasira

Siku yangu ya kwanza katika ofisi ya viwanda Bukoba, madirisha hayakuwa na vioo tangu vita vya mpakani. Afisa Viwanda wa Mkoa alinipokea akiwa amesimama, maana kiti kilikuwa kimoja.

"Binti, utazunguka vijijini kutafuta mafundi wanaobuni vitu," akasema. "Watu wa kampuni za nje wanapita wakipiga picha. Wewe uwatangulie."

Alikuwa mkali mzee yule, lakini aliona mbali.

Nikapangiwa Muleba. Kule Ijumbi nikamkuta Ta Rwegasira, "Ta" ikiwa heshima ya kwetu kwa mzee, aliyeunda mashine ya mkono ya kukoboa kahawa kwa vyuma vya lori la jeshi lililotelekezwa. Aliifanya nyepesi kwa ajili ya mkwewe, mjane wa mwanawe, ambaye ugonjwa ule uliokuja kuitwa UKIMWI ulikuwa umeanza kummaliza nguvu. Mama yule aliizungusha ameketi, huku anacheka. Haukupita muda, kampuni moja ya nje ikaleta mashine ileile madukani, imepakwa rangi tu.

Ndipo ikatoka sheria ya kuzibana kampuni za nje zinazoiba ubunifu wa wenyeji. Mbunifu alitakiwa afike mwenyewe Dar es Salaam na mashine yake kuomba hataza, yaani haki ya kisheria kwamba ubunifu ni wako, kabla ya muda uliowekwa kwisha. Nikamkatia Ta Rwegasira tiketi ya meli ya kuvuka ziwa, aanze safari.

"Waitu, kuna msiba kwa jirani," akaniambia kwa neno letu la kusihi kwa heshima. "Maiti iko ndani, nami nisafiri?"

Kwetu hilo halikuwezekana. Niliporudi, msiba mwingine. Safari iliyofuata alikuwa anamzika mkwewe. Nilimsihi, nikamgombeza hata, Mungu anisamehe. Muda ukaisha. Kampuni ikamtafuta mwenyeji mmoja wa mjini, akaomba hataza kwa jina lake, akapewa. Kwa sheria ileile, Ta Rwegasira akakatazwa kuunda mashine yake.

Nilitumwa mimi kumwambia. Alikuwa ametoka kuzika, miguu ina udongo.

"Wamechukua mashine," akasema. "Na misiba je, hawaitaki?"

Nililia njia nzima hadi Bukoba.

Nimestaafu sasa. Maafisa vijana huniuliza kwa nini mzee hakupanda meli tu. Hasira hunipanda, kisha huzuni. Waliotunga sheria walikuwa watu wema. Hawakujua kwamba pale kijijini wanaume waliobaki na nguvu za kuchimba kaburi walikuwa wawili, naye alikuwa mmoja wao.