Siku Mama Alipobaki Ameketi

Harufu ya mkate usiotiwa hamira hunirudisha Birongo mara moja. Mama aliuoka Ijumaa mchana kwenye kikaango kizito, unga wa ngano na mafuta na chumvi kidogo, nami Kemunto, kifungua mimba wake wa miaka kumi, niliruhusiwa kuunusa tu, maana ulikuwa mkate wa Meza ya Bwana. Mama alikuwa mkuu wa mashemasi wa kike katika kanisa letu la mabati. Kila baada ya miezi mitatu, kabla mkate haujamegwa, waumini walioshana miguu wawili wawili, wanaume kanisani, wanawake katika darasa la watoto lililokuwa nyuma. Kwetu, asiyeoshwa miguu hakula mkate. Mabeseni ya wanawake yalikaa nyumbani kwetu, na kazi ya kuyasugua ilikuwa yangu. Nilijiona mtu mkubwa sana.

Mwaka huo yule aliyekuwa ametawala nchi tangu Mama akiwa msichana wa shule alikuwa anaondoka, na watu walizungumza kwa sauti mambo waliyozoea kuyanong'ona. Sabato moja kabla ya uchaguzi, Mzee Ondieki, aliyekuwa mzee wa kanisa, alisimama mimbarani akasema kwamba enzi ya mabavu imekwisha, sasa ni zamu ya watu wa Mungu kutawala, na Mungu amekwisha kumchagua mbunge wetu. Mgombea mwenyewe alikuwa ameketi mbele na suti yake, Biblia mpya kabisa mapajani. Mzee akamsimamisha, kisha akawaambia wote walio upande wa Bwana wapange mstari nyuma yake. Kanisa zima likainuka. Mstari ukapita katikati ya mabenchi ukatokea mlangoni.

Mama hakuinuka. Sikuhitaji kuelezwa sababu, kwani nyumbani kwetu neno mlolongo halikutajwa kwa mzaha. Kabla sijazaliwa watu walipiga kura hivyo hivyo, mchana kweupe, wakijipanga nyuma ya picha ya mgombea huku chifu akiwatazama. Baba alisimama kwenye mstari mfupi. Wiki iliyofuata kazi yake ya ukarani katika kituo cha majani chai ilipewa mtu mwingine, na tangu hapo alichuma chai ya watu kwa kibarua.

"Mama Kemunto," Mzee Ondieki aliuliza, "wewe uko upande gani?"

"Niko upande wa Bwana, mzee," Mama alijibu akiwa ameketi. "Kura yangu nitaipiga kwa sanduku."

Jumapili wanaume wawili wa kanisa walikuja wakachukua mabeseni yote. Walikuwa wapole, hata walikunywa chai yetu, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi. Ijumaa iliyofuata mkate ulipikwa kwingine na nyumba yetu haikunukia chochote. Nilimsihi Mama tusiende kanisani kesho yake. Akaniambia nitafute viatu vyangu.

Watoto tulizoea kuchungulia dirishani wakati wa kuoshana miguu. Nilimwona Mama amevua viatu, ameketi kwenye kibenchi cha watoto na miguu yake pamoja. Wanawake walioimba naye miaka yote walishikana mikono haraka haraka, wakaenda pembeni na mabeseni yao. Alibaki peke yake. Nililia kwa hasira, na nikaapa moyoni kwamba sitabatizwa kamwe. Ndipo Mama Nyaboke, mke wa Mzee Ondieki mwenyewe, ambaye alikuwa wa kwanza kwenye ule mstari, akachota maji ya uvuguvugu na kupiga magoti mbele yake.

"Lete mguu," alisema.

"Mzee atakasirika," Mama akanong'ona.

"Mzee yuko kwa wanaume."

Darasa zima likacheka, hata waliokuwa wamemkwepa. Siku hiyo Mama alikula mkate, na baada ya uchaguzi mabeseni yalirudi nyumbani bila mtu kusema lolote. Nami nilibatizwa.

Sasa naishi Kiogoro, na uchaguzi uliopita nilikwenda Birongo kuwapeleka Mama na Mama Nyaboke kupiga kura. Foleni bado ipo na ni ndefu, ila mwisho wake ni kibanda cha karatasi ngumu ambamo mtu huingia peke yake. Wagombea nao bado wanakuja makanisani na Biblia mpya, lakini kwetu hakuna tena anayeambiwa asimame. Tuliporudi tukanywa chai kwa mkate wa Mama. Mama Nyaboke, ambaye sasa ni mjane, aliweka kikombe chini.

"Mwaka ule nilisimama kwa mstari, kisha nikampigia mwingine," alisema. "Niliposhika kalamu, nilikuona vile umeketi. Mzee amekufa hajui." Akamkazia Mama macho. "Na wewe ulimpigia nani?"

Mama alipuliza chai yake taratibu.

"Kura ni siri, mwenzangu."

Mpaka leo sijui alimpigia nani, na namshukuru Mungu kwamba sijui.