Jirani Hataki Faiba

Mikono ya jirani yangu haitulii. Hata akipanda kilima kwenda kukama ng'ombe, anasokota sufu njiani. Jumapili tu ndiyo anaiweka chini, ananipa simu nimshikie aongee kwa video. "Rudi nyuma, kijana. Nyuma tena." Anavuta kofia ifunike panaponyonyoka nywele, anaielekezea simu shavu ambalo halijavimba. Daktari wa mjini Loja alishanyoosha mikono kwa ugonjwa wake. Intaneti yetu mbovu inamalizia kazi: Yadira, bintiye aliye Hispania, anamwona mamake kama ukungu.

"Mama, umenenepa!"

"Mahindi ya mwaka huu, mwanangu!"

Watu wanamwita bahili kwa kukataa faiba, ile intaneti ya waya yenye kasi, na Yadira ameshasema atalipa yeye. Jana mafundi walileta fomu. Nikamwambia, "Weka sahihi, bibi, akuone vizuri." Akanitazama. "Akiniona atapanda ndege. Hana karatasi za kuishi kule yule. Akitoka kule harudi tena, na watoto wake wako kule." Akawarudishia fomu yao.

Leo Yadira kauliza, "Bado tu mafundi hawajafika, mama?"

Waya mpya wa majirani unapita juu ya paa lake, unang'aa.

"Bado, mwanangu. Huku nani anatukumbuka?"

Nikarudi hatua moja nyuma kabla hajaniambia.