Springi ilimvunja taya, leo anaishika tena

Saa mbili kasoro asubuhi. Mama Waya anaweka viganja viwili juu ya boneti ya pikapu kuukuu iliyochujuka rangi, anaikandamiza kwa uzito wake wote, kisha anaiachia ghafla. Gari zima lingeinuka mara moja na kutulia. Hili linanesa, linanesa tena, na bado linanesa, kama kitanda kinachorukiwa na watoto.

"Umeona?" anasema bila kumgeukia mtu. "Hapa hamna shokapu. Kuna mabomba tu yananing'inia."

Anachuchumaa, anapitisha kidole nyuma ya gurudumu la mbele. Kinatoka kimelowa mafuta meusi. Tairi lenyewe limelika kwa mabaka, kama kichwa kilichonyolewa na kinyozi anayesinzia.

Kwa fundi mwingine yeyote katika mtaa huu wa gereji, kazi iliyo mbele yake ni ya kila siku: kutoa shokapu nne zilizokufa na kuweka mpya. Kwa mwanamke huyu wa miaka arobaini na sita, leo si siku ya kawaida. Hajagusa springi tangu mwaka jana, siku springi ya gari jingine ilipofyatuka na kumpiga usoni.

Kwenye benchi mlangoni ameketi mumewe, fundi cherehani, ambaye asubuhi hii amefunga duka lake kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi. Futi ya kupimia bado inaning'inia shingoni. Amesema amekuja kumsindikiza tu. Mikono yake inasema vingine. Inaivuta ncha ya futi hiyo na kuiachia.

Springi ya mbele ni chuma kinene kilichojisokota kuzunguka shokapu. Ili kuitoa, sharti kwanza ibanwe kwa kibano chenye skrubu ndefu mpaka ifupike, ndipo nati ya juu ifunguliwe. Ikiwa imebanwa hivyo, nguvu iliyojificha ndani yake inaweza kumwangusha ng'ombe. Siku ile ukucha mmoja wa kibano, uliokuwa umelika kwa miaka, uliteleza.

"Sikusikia maumivu," anakumbuka. "Nilisikia mlio, halafu nikaona mbingu. Nikajiuliza, kwani nimelala saa ngapi?"

Taya lilivunjika mahali pawili na meno manne yakamtoka. Hospitalini walimfunga taya kwa waya kwa muda wa wiki sita. Huko ndiko lilikotoka jina ambalo mtaa mzima unamwitia sasa.

"Wateja wageni wanadhani ni waya za umeme," anasema, akicheka kwa upande mmoja wa mdomo, maana upande wa pili bado mzito. "Wananiletea taa zisizowaka. Nazitengeneza, nifanyeje?"

Mumewe naye anazikumbuka wiki zile. "Nilikuwa namnywesha uji kwa mrija. Na mke wangu ni mtu wa maneno. Nyumba ilikuwa kimya mpaka nikaanza kugombana na redio."

Waya zilipotolewa, alirudi gereji. Ufundi aliurithi kwa mjomba wake, aliyemfundisha tangu alipokuwa msichana wa kuosha vyuma kwa mafuta ya taa. "Gari bila shokapu ni mtu asiye na magoti," mjomba alizoea kumwambia. Lakini mpwa wake alirudi akiwa fundi nusu. Breki alifunga, klachi alibadilisha, injini alishusha. Gari lililohitaji kuguswa springi, alilielekeza kwa fundi wa ng'ambo ya barabara.

Wateja wakienda ng'ambo, wengi hawarudi. Kipato chake kikashuka zaidi ya nusu, mumewe akawa anashona sare za shule mpaka macho yanamwasha.

Mteja mmoja tu ndiye aliyegoma kuvuka barabara. Huyo ni mwenye pikapu hii, muuza mayai wa jumla anayejulikana kwa jina la Mzee Trei.

"Daktari wangu mmoja, fundi wangu mmoja," anasema mzee huyo, akiwa kwenye kiti cha plastiki, mkono wa kushoto umefungwa kitambaa shingoni. "Nikaambiwa hawezi springi kwa sasa. Nikasema sawa, nitasubiri mpaka aweze."

Alisubiri zaidi ya mwaka. Kila alipopita alipunguza mwendo mbele ya gereji na kutoa kichwa dirishani.

"Binti yangu, bado?"

"Bado, mzee."

Naye akaondoka zake, pikapu inanesanesa, mayai yanaumana nyuma.

Kisha, wiki mbili zilizopita, kwenye mteremko wenye kona, pikapu ikiwa na shehena kamili ilianza kuyumba. Mzee alikata usukani huku, gari likaelemea kule. Likaishia mtaroni. Alitolewa akiwa amevunjika mfupa wa bega.

"Watu walijua nimekufa," anasema. "Nilikuwa wa njano kutoka utosini mpaka viatuni. Mama mmoja akaanza kulia. Nikamwambia, usilie mama, hiki ni kiini."

Mama Waya alipokwenda kumjulia hali, mzee alimsimulia hivyohivyo, kwa mizaha. Wote chumbani walicheka isipokuwa yeye.

"Nilitoka pale nikalia njia nzima," anasema, sauti imeshuka. "Yule mzee alikuwa ananisubiri mimi. Na mimi, nilikuwa namsubiri nani?"

Nyumbani alipotangaza kwamba pikapu ile ataitengeneza mwenyewe, pakawaka moto.

"Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka," mumewe alimkumbusha.

"Kweli. Sasa kama mimi ni msusi wa mikeka? Nitaushtukia ung'ongo mpaka lini?"

Mume alinuna siku tatu.

Mama Waya hakurudi kwenye springi kichwakichwa. Alikwenda kwa jirani yake mchomeleaji, akamchorea chini kwa kijiti kitu alichokitaka: kizimba cha mabomba mazito, kirefu kama madebe mawili yaliyopandana, chenye mlango na komeo. Springi ingeingizwa humo ndani na kubanwa humohumo, spana zikipita kwenye matundu mawili. Ikifyatuka, ipige chuma, isipige mtu.

Mtaa ulipata la kusema. "Mama Waya anafuga springi!" walimtania. Fundi wa ng'ambo aliuliza kama springi hizo huwa anazilisha pumba.

Leo anaanza na shokapu za nyuma, ambazo hazina springi za kubana. Hizo anazitoa kama anayechuma maharage. Anahamia mbele. Anapandisha jeki, anaweka vigogo vya kuegemeza, anavua gurudumu. Nati za chini zimeshikana na kutu. Anazimwagia mafuta, anazipa muda, kisha anachomeka bomba kwenye mkono wa spana na kulielemea kwa uzito wake. Nati inaachia kwa kishindo. Mumewe anaruka kutoka kwenye benchi.

"Ni nati tu, baba watoto."

"Najua," anasema mumewe, akikaa tena. Uso wake haujui.

Shokapu inatoka pamoja na springi yake. Mama Waya anaibeba kama mtoto wa watu, anaiingiza kizimbani, anafunga komeo, anaanza kukaza skrubu za kibano kipya. Zamu huku, zamu kule. Springi inafupika taratibu. Mafundi wawili watatu wamesogea mlangoni. Hakuna anayetania sasa.

Tak!

Spana inaanguka. Mama Waya anageuka na kutoka nje bila neno, mpaka nyuma ya gereji, na kusimama akiutazama ukuta, kiganja shavuni.

Ni mumewe anayemfuata.

"Turudi nyumbani?" anamuuliza polepole.

"Mdomo umekufa ganzi. Nazisikia zile waya."

Mumewe ndiye aliyemsihi asije. Leo kama angetaka kushinda ubishi ule, nafasi ilikuwa hiyo.

"Imetoka?" anauliza.

"Nini?"

"Springi. Imetoka kwenye hicho kizimba chako?"

"Sijui. Sikuangalia."

"Basi twende tukaangalie."

Wanarudi pamoja. Springi imo mlemle, imebanwa, imetulia. Ilikuwa imejiweka sawa tu kwenye kitako chake. Mama Waya anashika mabomba ya kizimba kwa mikono miwili, anayatikisa, hayatikisiki. Anacheka, na katikati ya kicheko machozi yanamtoka. Hayafuti, kwa sababu mikono ina grisi.

Mume anakunja mikono ya shati. "Nishike nini?"

"Shika tochi. Simama huku ubavuni, usikae mbele yake."

Mwanga unacheza juu, chini, ukutani.

"Baba watoto, nimulikie mahali pamoja. Nafungua nati, sichezi dansi."

Mlangoni watu wanaangua kicheko, na fundi cherehani naye anacheka, na tochi inatulia. Nati ya juu inalegea, inatoka. Shokapu ya zamani inavutwa. Mama Waya anaisukuma kwa kidole. Inazama na kubaki huko, haina hata pumzi ya kujibu. Anamkabidhi mumewe shokapu mpya ajaribu. Inamgomea.

"Ndiyo magoti hayo," anamwambia.

Kukaza ni nusu ya safari. Kulegeza nako kuna wasiwasi wake. Anaiachia springi kidogo kidogo mpaka ikumbatie shokapu mpya, na jasho linamtiririka. Upande wa pili anaufanya bila kutoka nje.

Alasiri anaijaribu pikapu barabarani, kwenye kipande kibovu kuliko vyote, huku Mzee Trei pembeni yake amepakata trei ya mayai kwa mkono wake mzima. Wanaporudi, mzee anaonyesha yai moja lenye ufa.

"Limepasuka!" anapiga kelele mumewe.

"Hili nilikuja nalo hivi hivi," mzee anajibu. "Nilitaka nione kama litamwagika."

Halikumwagika.

Mpango wa Mama Waya kwa sasa ni mambo mawili. La kwanza ni meno. Daktari amemwambia anaweza kuwekewa ya bandia, naye ameanza kujiwekea akiba. Mzee Trei anamtania kwamba jino la pembe si dawa ya pengo. "Pembe au plastiki," anajibu, "mimi nataka kutafuna."

La pili ni vizimba. Anataka kila gereji ya mtaa huu iwe na chake, na ameshakubaliana na mchomeleaji kwamba watatengeneza cha pili mwezi ujao kwa mabomba yoyote watakayookota. Mpaka vitimie, cha kwanza kitakaa hapahapa gerejini kwake, wazi kwa yeyote.

Yeyote huyo hakuchelewa. Vumbi la pikapu halijatua, fundi wa ng'ambo anavuka barabara, kibano chake mkononi, macho chini.

"Mama Waya, kuna gari pale, springi zake zina hasira. Nilikuwa nataka kukiazima hicho kizimba."

Haulizwi habari za pumba. Mama Waya anapokea kibano, anapitisha kidole kwenye kucha zake, moja baada ya nyingine. Kwenye ya tatu, iliyolika, kidole kinasimama. Anakitupa kibano kwenye pipa la vyuma chakavu.

"Kizimba hakiazimwi. Kesho lete springi yako hapa tuibane pamoja," anamwambia. "Na leo rudi nyumbani mapema. Mkeo akuone ukiwa na meno yako yote."